Aliyekwazwa na Majina Yake katika Kiingereza

Kiingereza kina maneno mengi ya kumweleza mtu aliyeguswa vibaya na kauli au kitendo cha mwenzake. Anayetegemea kamusi ndogo huyakuta karibu yote yamerudishwa kwenye vitenzi viwili vitatu: kuudhika, kukasirika, kuchukizwa. Matokeo yake mwanafunzi huandika “offended” mahali ambapo Mwingereza angeandika “hurt”, na msomaji wa habari humtangaza mtu kuwa amekasirika wakati taarifa yenyewe ilisema amedhulumiwa. Maneno hayo hayatofautiani kwa ukali peke yake, kwamba hili ni hasira ndogo na lile ni hasira kubwa. Kila neno hueleza pia ni nini kilichoguswa, kama ni moyo, heshima au haki. Hueleza kama aliyetenda alikusudia. Tena, na hili ndilo linalowapita wengi waliojifunza lugha hiyo shuleni, hutoa hukumu ya chinichini kama aliyeguswa ana sababu ya kuguswa au anajinunia tu.

Neno la kuanzia ni “offended”, kwa kuwa ndilo pana kuliko yote na ndilo linalotumiwa ovyo kuliko yote. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini “offendere”, yaani kujigonga au kujikwaa. Maana hiyo ilikuwa bado hai katika Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611: jicho linaloelezwa kwa kitenzi hicho katika Mathayo sura ya 5 ni jicho linalomwangusha mtu dhambini, wala halihusiani na kumuudhi. Kiswahili kimepita njia ileile. Kukwaza kumetokana na kukwaa, na anayesema amekwazwa na maneno ya jirani anatumia picha ya mguu uliogonga kisiki. Kwa hiyo kukwazika kuko karibu zaidi na “offended” kuliko kukasirika, na ni jambo la kusikitisha kwamba watafsiri wengi hulikimbilia hili la pili.

Tawi jingine la neno hilo limekwenda mahakamani. Katika sheria, “offence” ni kosa la jinai, awe amekwazika mtu au asikwazike. Kuendesha gari bila leseni ni “offence” hata barabara ikiwa tupu. Katika mazungumzo ya kawaida, aliye “offended” ni mtu ambaye kanuni anayoithamini imevunjwa mbele yake: kanuni ya adabu, ya dini, ya usafi wa kauli, ya heshima kwa wakubwa. Si lazima kanuni hiyo imhusu yeye binafsi. Mzee anaweza kuwa “offended” kwa lugha chafu ya tamthilia ya televisheni isiyomtaja popote. Wala si lazima mkosaji awe amekusudia. Kiingereza husema kwamba mmoja “hutoa” offence na mwingine “huichukua”, na kitu hicho kinaweza kuchukuliwa bila kutolewa, au kikatolewa kwa makusudi na asiwepo wa kukichukua. Sehemu kubwa ya ubishi wa leo kuhusu nani kamkwaza nani unasimama kwenye pengo hilo kati ya kutoa na kuchukua.

“Hurt” ni jambo jingine kabisa, ingawa watu huyachanganya maneno haya mawili kila siku. Hapa hakuna kanuni iliyovunjwa. Kuna moyo ulioumia. Mtu huwa “hurt” na wale anaowajali: mume, dada, rafiki wa siku nyingi. Mgeni wa njiani anaweza kumkwaza mtu, lakini ni vigumu amuumize moyo, kwa sababu hakuna mapenzi yaliyosalitiwa. Neno hili halimshtaki mtu moja kwa moja. Anayesema ameumia anafungua mlango wa kufarijiwa, na anayesema amekwazwa anadai jambo lirekebishwe. Kwa Kiswahili “hurt” hukaa vizuri kwenye kuumia moyo au kusononeka.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika tukio moja la riwaya ya Jane Austen, “Emma”, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1815. Kundi la majirani limekwenda kutembea kwenye kilima cha Box Hill, kusini mwa London. Unachezwa mchezo wa maneno: kila mtu aseme jambo moja la werevu sana, au mawili ya werevu wa kiasi, au matatu ya kipumbavu. Miss Bates, mwanamke maskini, mwema, mwenye maneno mengi, anasema kwa unyenyekevu kwamba matatu ya kipumbavu hayatamshinda. Emma, msichana tajiri na mrembo, anamjibu kwa mzaha kwamba shida itakuwa idadi, maana ataruhusiwa matatu tu kwa mara moja. Miss Bates haelewi papo hapo. Akishaelewa, uso unamwiva kidogo, naye anaanza kujilaumu kwamba bila shaka anawachosha watu.

Huyo ndiye mtu aliye “hurt”. Hadai chochote, hakumbuki kanuni yoyote, hasemi kwamba Emma amekosa adabu. Ameumia na anaiamini kauli iliyomuumiza. Anayeliona kosa lenyewe ni mwenzao katika matembezi hayo, Bwana Knightley, ambaye hakuguswa yeye. Anamfuata Emma karibu na gari la farasi na kumweleza kwamba Miss Bates ameshuka kutoka maisha mazuri aliyozaliwa nayo, kwamba anastahili huruma, na kwamba kumcheka mbele ya watu wanaomtazama Emma kama kielelezo ni vibaya sana. Neno linalomfaa Knightley ni “indignant”, nalo litafika mahali pake. Emma, naye, anaondoka machozi yakimtoka njia nzima. Hali yake Kiingereza huiita “mortified”, neno lililozaliwa na Kilatini cha kifo, “mors”: mtu aliyefedheheka kiasi cha kutamani ardhi impasukie. Wanafunzi wengi huliweka “mortified” katika kundi la walioudhiwa. Mahali pake ni kwenye aibu. Tukio ni moja, kauli ni moja, na kila mmoja wa watu watatu ana neno lake ambalo halimfai mwingine.

Kutoka hapo njia inakwenda kwenye maneno mazito zaidi, “insult” na “affront”. Yote mawili yana mashambulizi ndani yake. “Insult” ni Kilatini cha kumrukia mtu au kumkanyaga. “Affront” limepitia Kifaransa cha kale na maana yake ya mwanzo ni kumpiga mtu usoni. Tofauti yao imebaki karibu na asili hizo. “Insult” humshusha mtu, humfanya duni. “Affront” hufanyika waziwazi, mbele ya macho, na mara nyingi hulenga jambo kubwa kuliko mtu mmoja: mwandishi wa tahariri atasema hukumu fulani ni “affront” kwa haki, lakini ni nadra aseme ni “insult” kwa haki bila kuongeza jina la watu waliodhalilishwa. Hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu. Tusi, kwa masikio ya Waswahili wengi, ni neno chafu. “Insult” haihitaji uchafu wala haihitaji neno. Kumpa mtu aliyefanya kazi siku nzima sarafu moja mkononi ni “insult” iliyokamilika, na hakuna tusi lililotamkwa. Kutweza na kudhalilisha ndivyo vinavyolikaribia.

Maneno haya yaliwahi kupimwa mahakamani, katika kesi ambayo inastahili kujulikana zaidi Afrika. Mwezi Juni 1971, kwenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon, Cliff Drysdale wa Afrika Kusini alikuwa uwanjani. Dennis Brutus, mshairi wa Afrika Kusini aliyewahi kufungwa katika kisiwa cha Robben na wakati huo akiishi uhamishoni, aliingia uwanjani akapuliza filimbi, akarusha vipeperushi vya kupinga ubaguzi wa rangi, akakaa chini. Wenzake wakaingia na mabango. Mchezo ukasimama, na watazamaji wakapandwa na hasira, wengine wakinyoosha ngumi. Brutus alishtakiwa chini ya Sheria ya Usalama wa Umma ya mwaka 1936, kwa mwenendo unaoitwa “insulting” wenye kuelekea kuvuruga amani.

Mahakimu wa mwanzo walimwachia: mwenendo wake uliudhi, walisema, lakini haukuwa “insulting”. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na majaji wa ngazi iliyofuata wakatoa tafsiri yao: mwenendo ukiwa ni “affront” kwa watu, ukaonyesha dharau kwa haki zao, na ukatarajiwa kuzusha “resentment”, basi umekuwa “insulting”. Yaani walichukua maneno matatu jirani wakayafanya neno moja. Shauri likapanda hadi kwa majaji wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mwezi Julai 1972 wakampa Brutus ushindi. Lord Reid, mmoja wao, alieleza kwamba neno la kawaida la Kiingereza hubaki na maana yake ya kawaida, kwamba mtu mwenye akili timamu huijua “insult” akiiona, na kwamba kuwaudhi watu, hata kuwadharau, si lazima kuwe kuwatweza. Watazamaji wa Wimbledon walikuwa wameharibiwa burudani yao. Walikuwa na haki ya kukasirika. Hakuna aliyewatweza. Ni nadra tofauti ndogo ndani ya lugha kuamua kama mtu ni mhalifu au si mhalifu, na hapa iliamua.

Sheria ya baadaye, ya mwaka 1986, ililibakiza neno hilo katika kifungu chake cha 5, kilichohusu mwenendo wa kutisha, wa kukashifu au wa kutweza. Kwa miaka mingi wapinzani wa kifungu hicho walidai kwamba neno “insulting” linawapa polisi nguvu kubwa mno, na miongoni mwa waliosimama hadharani kulipinga mwaka 2012 alikuwa mchekeshaji Rowan Atkinson. Bunge liliamua kuliondoa kwenye kifungu hicho kwa sheria ya mwaka 2013, na mabadiliko yakaanza kazi tarehe 1 Februari 2014. Kutisha na kukashifu vikabaki. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, ilikuwa imeshasema tangu mwaka 1976, katika kesi ya Handyside dhidi ya Uingereza, kwamba uhuru wa kusema huyalinda hata mawazo yanayokwaza, yanayoshtua au yanayosumbua.

“Slight” na “snub” ni dharau za kimya. “Slight” asili yake ni kivumishi, kitu chembamba au kidogo, na kumfanyia mtu “slight” ni kumhesabu mdogo: kutomtaja anapostahili kutajwa, kumsahau kwenye mwaliko, kumsalimia wa mwisho. Katika karne ya 17, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, kitenzi hichohicho kilitumika kwa kubomoa ngome ili zisifae tena kwa vita; magofu ya Corfe Castle ni kazi ya namna hiyo, ya mwaka 1646. “Snub” ni ya makusudi zaidi na ina mlengwa: mkono ulionyooshwa ukaachwa hewani. Aliyefanyiwa “slight” huenda akabaki na shaka kama kweli amepuuzwa. Aliyefanyiwa “snub” hana shaka.

Jeraha likikaa, Kiingereza hubadili neno. “Resent” limetoka Kifaransa “ressentir”, kuhisi tena au kuhisi kwa nguvu, na zamani liliweza kueleza hata shukrani. Leo limebaki na upande mchungu tu: kinyongo, fundo moyoni, jambo linalorudiwa usiku na mchana. Haiwezekani kuwa na “resentment” kwa dakika moja. Tena kitenzi hiki hudai kitajwe kinacholeta uchungu: mtu huki-“resent” kitendo, upendeleo, cheo alichopewa mwingine. Askofu Joseph Butler, katika mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1726, aliigawa hali hii katika mbili, ile ya ghafla inayomshika hata mnyama, na ile iliyotulia inayozaliwa na kuona dhuluma. Kwa Butler ile ya pili haikuwa dhambi yenyewe; aliiona kama silaha aliyopewa binadamu ili uovu usipite bila kupingwa. Mwanafalsafa Nietzsche, mwaka 1887, alilibakiza neno la Kifaransa “ressentiment” ndani ya Kijerumani chake kueleza kitu kingine, sumu ya mnyonge asiyeweza kulipiza, na tangu hapo wanafalsafa huyatenga maneno hayo mawili.

Mgawanyo unaomfaa zaidi mtumiaji wa kawaida wa lugha ulitolewa na mwanafalsafa P. F. Strawson wa Oxford katika mhadhara wake wa mwaka 1962. Alionyesha kwamba “resentment” ni ya mtu aliyetendewa ubaya yeye mwenyewe, na “indignation” ni hali hiyohiyo inapohisiwa kwa niaba ya mwingine. Bwana Knightley wa Box Hill anarudi hapa. Neno lenyewe linakubaliana na Strawson kwa sehemu: Kilatini “indignus” ni kisichostahili, na aliye “indignant” anasema, hili halikustahili kutendwa, awe ametendewa yeye au jirani. Ndiyo sababu ni neno la heshima. Anayemwita mtu “indignant” huwa nusu amekwisha kukubali kwamba lipo kosa la kweli. Uchungu wa dhuluma, au ghadhabu yenye haki, ndivyo vinavyolifikia kwa Kiswahili. Hasira peke yake haitoshi.

“Outrage” ni hatua ya juu, na asili yake huwadanganya hata Waingereza. Wengi hudhani ni “out” na “rage”, ghadhabu iliyotoka nje. Limetoka kwenye “outre” ya Kifaransa, yaani kupita mpaka. Hapo mwanzo lilikuwa jina la kitendo, ukatili uliovuka kiasi, na katika magazeti ya karne ya 19 shambulio la usiku kwenye shamba la mtu liliitwa “outrage”. Polepole jina la kitendo likahamia kwa wanaokitazama. Kwa kuwa vyombo vya habari hulitumia kila siku kwa mambo madogo, nguvu yake imepungua, na hilo ni hasara, kwa sababu hakuna jingine lililobaki kwa mambo yanayostahili kweli kuitwa hivyo.

Lipo kundi zima la maneno yanayomdogosha aliyekwazika, na hapa ndipo wageni wa lugha huteleza zaidi. “Miffed” ni kununa kidogo, kwa lugha ya mazungumzo tu. “In a huff” ni kususa: mtu ananyanyuka na kuondoka akivuta pumzi. “Pique” ni mchomo mdogo wa majivuno, kutoka Kifaransa cha kuchoma kwa ncha, na husemwa juu ya mtu aliyeacha kazi au aliyevunja mkataba kwa sababu isiyolingana na hatua yake. “Umbrage” lina ukoo na mwavuli, kwa kuwa yote yanarudi kwenye Kilatini cha kivuli. Karne ya 17 lilikuwa shaka, na leo hutumika karibu daima na kitenzi kimoja, “take umbrage”, kwa sauti ya mtu anayejiona mkubwa. “In high dudgeon” ni msemo wa namna hiyohiyo, na chimbuko la “dudgeon” halijulikani. Mwandishi wa habari akiandika kwamba waziri “took umbrage” kwa swali, hajaripoti hisia tu. Amedokeza kwamba waziri alizidisha. Mwanafunzi anayeandika barua ya malalamiko kwa mwajiri na kusema yeye ni “miffed” ameishusha kesi yake kabla haijasomwa. Maneno haya hayafai nafsi ya kwanza, ila kwa mtu anayetaka kuonyesha kwamba hasira zimekwisha.

“Disgruntled” na “aggrieved” yanaonyesha hukumu hiyo kwa uwazi kuliko mengine yote. “Disgruntled” limetokana na kitenzi cha kale cha kukoroma kama nguruwe. Mwandishi P. G. Wodehouse, katika riwaya yake ya mwaka 1938, alilitumia bila kiambishi, “gruntled”, kwa mtu aliyeridhika. Mfanyakazi aliyefichua ubadhirifu akiitwa na kampuni “disgruntled”, kampuni imemwambia msikilizaji kwamba huyo ni mnung’unikaji, asiaminiwe. Mtu huyohuyo akiitwa “aggrieved”, amepewa haki ya kusikilizwa. Neno hili la pili limebeba uzito, kutoka Kilatini “gravis”, na sheria imelichukua kuwa lake. Sheria za Tanzania na Kenya zilizoandikwa kwa Kiingereza hulitumia mara nyingi kumtaja mtu asiyeridhika na uamuzi, anayeruhusiwa kukata rufaa. Jina lake, “grievance”, ndilo lililotumika katika marekebisho ya kwanza ya katiba ya Marekani, yaliyokubaliwa mwaka 1791, yanayolinda haki ya raia kuiomba serikali iondoe madhila yao. Hakuna katiba inayolinda haki ya kununa.

Upo pia upande wa tabia. “Touchy” ni mtu mwepesi wa kuguswa, “thin-skinned” ni mwenye ngozi nyembamba, na mwenye “chip on his shoulder” ni yule anayetafuta ugomvi, msemo wa Marekani wa karne ya 19 uliotoka kwa wavulana waliobandika kibanzi begani na kumthubutisha mwenzao akiangushe. Maneno haya yote huhamisha lawama kutoka kwa mtendaji kwenda kwa mtendewa, na kwa sababu hiyo yametumika kwa muda mrefu kuwanyamazisha watu wanaodharauliwa kila siku kwa vitu vidogovidogo. Chester Pierce, daktari Mweusi wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliliona pengo hilo, na mwaka 1970 akaunda neno “microaggression” kwa dharau ndogondogo walizofanyiwa Wamarekani Weusi, kila moja ikionekana haina uzito ikitazamwa peke yake. Baadaye neno lilipanuka kufikia makundi mengine na likazusha mabishano, lakini kazi yake ya mwanzo ilikuwa wazi: kurudisha lawama upande wa anayetenda.

Lugha ya kuomba radhi nayo hufuata migawanyo hii. Anayesema “I’m sorry I insulted you” amekiri tendo. Anayesema “I’m sorry you were hurt” ametambua maumivu bila kukiri kosa, jambo linaloweza kuwa la kweli pale ambapo hakukuwa na nia mbaya. Fomula inayopendwa na wanasiasa na makampuni, “I’m sorry if anyone was offended”, huweka mambo matatu mahali pamoja: “if” hutia shaka kama kuna aliyeguswa, “anyone” humfuta aliyeguswa, na “offended” huchagua neno ambalo msikilizaji anaweza kulisoma kama jambo lililochukuliwa badala ya kutolewa. Mtendaji hayumo kabisa katika sentensi, maana kitenzi kimewekwa katika hali ya kutendwa. Mtafsiri anayeiandika kwa Kiswahili kuwa “naomba radhi kwa kuwakwaza” amempa msemaji toba ambayo msemaji hakuitamka. Tafsiri iliyo sawa ni “naomba radhi iwapo kuna aliyekwazika”.